Mishono ya meli: eksirei au ultrasauti?

Kwenye karakana za meli kuna ubishi usiokwisha: mishono ya ganda, yaani pale bamba za chuma zilipounganishwa kwa kuchomelea, ichunguzwe kwa eksirei au kwa ultrasauti, mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio?

Wanaotetea eksirei wana hoja nzito. Filamu hubaki. Miaka mitano baadaye mkaguzi mwingine anaiweka mbele ya taa na kuona alichokiona wa kwanza: vijitundu vya gesi kama punje nyeusi, mabaki ya slagi (takataka za kuchomelea zilizonaswa ndani ya chuma) yakiwa mistari iliyopindapinda. Ultrasauti ya kawaida huacha ripoti tu. Kama mpimaji alikimbiza probu, kifaa kinachotuma na kupokea mawimbi, au alipaka kidogo jeli ya kuyapitisha hadi kwenye chuma, karatasi haitasema.

Tatizo ni kwamba vijitundu vichache vya mviringo huvumilika. Kinachopasua meli ni ufa, au ukingo wa bamba ambao chuma kilichoyeyuka kiliulalia tu bila kushikana nao. Kasoro hizo ni nyembamba mno. Miale isipopita sambamba na uso wa kasoro, filamu hutoka safi. Mawimbi ya sauti yanayoingia kwa pembe ya nyuzi 60 au 70 huugonga uso huo na kurudi. Kwa bamba la mm 20 ningechukua ultrasauti, tena bila kulazimika kuwaondoa mafundi wote eneoni kwa sababu ya mionzi. Chini ya mm 8 mambo hugeuka: mwangwi wa umbo la mshono huchanganyikana na wa kasoro, na hapo eksirei inashinda.

Kifaa chochote kikija mapema mno hakisaidii. Kwenye chuma cha nguvu ya juu, nyufa za haidrojeni hujitokeza baada ya mshono kupoa, ndiyo maana husubiriwa saa 48.

Halafu kuna mishono ya kona, pale bamba moja linaposimama juu ya jingine, iliyo mingi kuliko yote ndani ya meli, ambayo ubishi huu huiruka. Eksirei haiifai, na ultrasauti ya kawaida huhangaika nayo. Hubaki macho, geji ya kupima ukubwa wa mshono, na unga wa sumaku unaojikusanya penye ufa. Mguu (upana wa mshono juu ya bamba) wa mm 7 hutoa koo (unene wake kutoka kona hadi usoni) la karibu mm 5, ilimradi bamba zimegusana. Zikiachana mm 3, geji bado itasoma 7 huku koo halisi likiweza kushuka hadi karibu mm 3. Uwazi huo ukishafunikwa hauonekani tena. Hupimwa kabla ya kuchomelea, wakati ambapo mwenye eksirei na mwenye ultrasauti hawajaitwa bado.