Chemba imepimwa, lakini risasi bado haijajulikana

Bunduki iliyozua mjadala huu iko Mwanza, ni ya bolti, yaani ya komeo la kuvutwa kwa mkono, imetoka kwa mzee aliyewinda miaka mingi, na maandishi ya mtutuni yamefutika kwa sababu mtu fulani aliwahi kuusugua kwa msasa akidhani anaondoa kutu. Hakuna hata ganda moja lililobaki nyumbani. Kwa kuwa leseni ya silaha ni ya mtu na hairithiwi pamoja na bunduki yenyewe, familia ilitoa taarifa polisi kwanza, kama inavyopasa, kisha ndipo lilipokuja swali la nini kiandikwe kwenye nafasi ya aina ya risasi katika fomu. Fundi silaha mwenye kibali alishauri chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, imiminwe aloi iliyoyeyushwa na nakala yake ipimwe, ilhali askari wanyamapori mstaafu, rafiki wa marehemu, aliona kazi hiyo ni mbwembwe, akataka mbao ifunguliwe, alama zilizofichika chini ya mtutu zisomwe na makaratasi ya zamani yatafutwe.

Hoja ya fundi ina uzito wake. Aloi inayotumika, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Cerrosafe, ni mchanganyiko wa bismuthi, madini ya risasi, bati na kadimiamu, nayo huyeyuka kati ya nyuzi 70 na 88 za Selsiasi, yaani hata chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto kinatosha, mradi mvuke wake usivutwe na maji yasiifikie. Mtutu huzibwa kwa kitambaa mbele kidogo ya chemba, aloi humiminwa kutoka nyuma, na ikiganda husukumwa taratibu itoke. Hunywea kidogo katika nusu saa ya kwanza, hurudi kwenye ukubwa wa chemba inapokaribia saa moja, kisha huendelea kupanuka taratibu, kwa hiyo anayepima kesho yake hapimi tena kitu kilekile. Wavuvi wa ziwani hawatashangazwa na hilo, maana jicho la wavu mpya si jicho la wavu uliokwisha kuvutwa msimu mzima.

Faida ya nakala huonekana hasa pale ambapo kumbukumbu za watu zinapingana. Mstaafu alikumbuka kwamba bunduki ile ilikuwa "ya tembo", na kwa mtu aliyewajua maaskari wa wanyamapori wa enzi za Tanganyika hiyo ingeweza kuwa .404 ya Jeffery, ambayo kwa kipimo cha Wajerumani huitwa 10.75x73, yaani unene wa kichwa kinachoruka kisha urefu wa ganda, kwa milimita. Lakini kuna pia 10.75x68 ya Mauser, yenye kichwa cha unene uleule kwa karibu kabisa, hivyo anayepima tundu la mbele peke yake hawezi kuzitenganisha, ila anayeitazama chemba huona mara moja tofauti ya milimita 5 za urefu. Katika bunduki hii maneno yote ya tembo yaliisha siku moja: nakala ilionyesha ganda lisilo na ukingo unaotokeza nyuma, kitako cha karibu milimita 12, na urefu wa karibu milimita 57. Hata .303 ya Kiingereza iliondoka hapo hapo, kwani ganda lake lina ukingo wa milimita 13.7.

Hapo ndipo ushindi wa fundi ulipokoma. Urefu wa 57 na kitako cha 12 ni vya ukoo mzima: 7x57, 8x57, 9x57 na 9.3x57, ndugu wa tumbo moja wanaotofautiana shingoni. Shingo ilielekea 8x57, lakini 8x57 yenyewe ni mbili. Ya kwanza, iliyokuja na bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1888, ina kichwa cha milimita 8.08, na ile iliyoifuata mwanzoni mwa karne ya 20 ina kichwa cha 8.22. Chemba zao zinakaribiana kiasi kwamba chemba iliyolegea kidogo inaweza kumlaghai mpimaji makini, na kusukuma kichwa kinene katika mtutu mwembamba ni kupandisha shinikizo mahali ambapo uso wa mpigaji uko karibu. Jibu liko kwenye mifereji ya mtutu, ile iliyochongwa ndani yake ili kuzungusha kichwa, na kitambaa cha fundi kilikuwa kimewekwa karibu mno na chemba, hivyo nakala ikakatika kabla ya mifereji kuanza.

(Kiswahili chetu kinachangia mkanganyiko, kwa kuwa madini, kichwa kinachoruka na kitu kizima chenye ganda na baruti vyote tunaviita risasi. Wenye magobole hawapati shida hii, kwani gobole hushindiliwa kwa mbele na halina chemba ya kumiminwa.)

Mstaafu alilitumia kosa hilo kusema kwamba alama zingetosha. Sikubaliani naye kikamilifu, ingawa ana jambo. Alama chini ya mbao husema bunduki ilikuwa nini siku ilipopigwa muhuri, na herufi S kwenye bunduki ya 1888 husema kwamba imebadilishwa ipokee risasi mpya, jambo ambalo aloi haiwezi kulitamka. Hata hivyo muhuri haujui kilichofanywa na fundi wa baadaye aliyechimba chemba upya, wala aloi haijui kama chuma cha zamani bado kina nguvu ya kubeba shinikizo. Kwa maoni yangu nakala ya chemba ni shahidi hodari wa kukataa na dhaifu wa kuthibitisha, na wanaoidharau pamoja na wanaoitukuza wanaidai kitu kilekile kisicho chake.

Mbao imekwisha kufunguliwa. Kinachosubiriwa ni nakala ya pili, safari hii kitambaa kikiingizwa ndani zaidi ili aloi ishike mwanzo wa mifereji, pamoja na kipande laini cha madini ya risasi kitakachopitishwa mtutu mzima na kupimwa kwa maikromita. Kwa sasa kwenye fomu pameandikwa "8x57, kipenyo cha mtutu hakijathibitishwa, isifyatuliwe".