Askofu Aliyewakatalia Wafalme Watatu

Ule ubeti mfupi wa kumsifu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, unaoimbwa makanisani sadaka inapopelekwa mbele, maneno yake ya asili yalitungwa na Thomas Ken, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1637. Aliwatungia wanafunzi wa shule ya Winchester nyimbo za asubuhi, jioni na usiku wa manane, na kila mmoja ukamalizika kwa ubeti huo. Wanaomjua Ken humjua kwa nyimbo. Kwangu mimi, ukubwa wake uko katika mambo aliyoyakataa, hasa lile la mwisho.

Mwaka 1683 Mfalme Charles wa Pili alikwenda Winchester na msafara wake, na nyumba ya Ken ikachaguliwa kuwa malazi ya Nell Gwyn, mwigizaji aliyekuwa hawara wa mfalme. Ken, kasisi tu, akagoma kumpokea. Ungetarajia apotelee mbali. Badala yake, uaskofu wa Bath na Wells ulipobaki wazi, mfalme alimpa yeye. Aliwekwa wakfu Januari 1685, na siku chache baadaye akawa kando ya kitanda cha Charles aliyekuwa anakata roho.

Kule Wells, Jumapili alikuwa akiketi mezani na maskini 12. Waasi waliposhindwa vitani Sedgemoor mwaka huohuo na kujazwa magerezani, aliwatembelea na kuwalisha, ingawa yeye alikuwa upande wa mfalme waliyemwasi, James wa Pili, ndugu wa Charles aliyemrithi.

Kisha likaja la 1688. James, mfalme Mkatoliki, aliamuru lisomwe makanisani tangazo lililosimamisha sheria zilizowabana Wakatoliki na Waprotestanti walio nje ya kanisa la taifa. Nisiwe mchoyo wa haki: uhuru wa kuabudu ni jambo jema, na James hakukosea kwa kila kitu. Lakini Ken na wenzake sita, wakiongozwa na Askofu Mkuu Sancroft, walisema mfalme hana mamlaka ya kuzifuta sheria za Bunge kwa kauli yake peke yake. Hapo nasimama nao. Walipelekwa kwa mashua hadi Mnara wa London, ngome iliyotumika kama gereza, watu wakipiga magoti kandokando ya mto Thames kuomba baraka zao. Tarehe 30 Juni mahakama ikawaachia huru, na jiji zima likawasha mioto ya shangwe. Usiku uleule wakubwa saba wengine wakamwandikia William wa Orange, mtawala wa Uholanzi aliyemwoa Mary, binti wa James, aje na jeshi.

James akakimbia, William akatawazwa pamoja na mkewe Mary. Sasa Ken, shujaa wa umma, alitakiwa aape utii kwa watawala wapya. Kwa nini asiape? James ndiye aliyemfunga. Mary alimfahamu Ken tangu alipokuwa kasisi wake kule The Hague, Uholanzi. Alisitasita, alipima, mwishowe akakataa: alishamwapia James, na James alikuwa bado hai. Safari hii hakuna aliyepiga magoti mtoni. Mwaka 1691 alivuliwa kiti chake, akauza vitu vyake, akampa pesa hizo rafiki yake mwenye jumba la Longleat, ili naye amlipe paundi 80 kila mwaka, na humo Longleat ndimo alimofia mwaka 1711.

Kumkatalia anayekuonea, huku umma uko nyuma yako, kunahitaji ujasiri. Kukataa kunufaika na anguko lake ni jambo jingine kabisa, na ndilo linalonifanya nimheshimu Ken kuliko wengi wa wakati wake. Wapo waliomwita mkaidi. Mkaidi angefanya walivyofanya baadhi ya wenzake waliokataa kiapo: walijiwekea maaskofu wapya kwa siri ili mgawanyiko uendelee. Ken aliwapinga.

Askofu Kidder, aliyewekwa mahali pake, alikufa na mkewe katika dhoruba kuu ya Novemba 1703, bomba la moshi la jumba la askofu lilipowaangukia kitandani. Malkia Anne, aliyemrithi William, akataka kumrudishia Ken kiti. Ken alikataa tena, ila akamsihi rafiki yake George Hooper akipokee. Kwa miaka yote ile alikuwa amejihesabu askofu halali wa Wells. Hooper alipoingia, Ken aliacha kujiita hivyo, wenzake waliokataa kiapo wakakasirika, naye hakubadilika.