Pwani ya wenzetu ina njia ya kushukia, yetu ina ukuta

Mi nimezaliwa Temeke, nikakulia Mtoni kwa Azizi Ally, na mpaka naondoka Dar nina miaka 26 bahari nilikuwa naiona vipande vipande tu, kipande cha Feri nikienda Kigamboni kwa shangazi, kipande cha ufukwe wa Coco sikukuu ya Idi, basi. Sasa hivi nina mwaka wa 11 naishi Sacramento, California, mji ambao hauna bahari kabisa, na huku ndo nimekuja kujua kwamba pwani inaweza kuwa ya kila mtu kweli kweli. Ngoja niwaeleze ilivyokuwa maana hili jambo limenikaa rohoni tangu mama alivyokuja kututembelea mwezi wa saba.

Sacramento mwezi wa saba ni moto, joto kavu la nyuzi 38 mpaka 40, jasho linakauka kabla hujalifuta. Mama alikuwa anashinda ndani na mapazia yamefungwa, anasema afadhali joto la Dar lina upepo wa bahari. Baba watoto akasema Jumamosi tumpeleke bibi San Francisco akaone bahari na lile daraja la Golden Gate. Nikamwambia mama beba jaketi, akakataa, joto lote hili jaketi la nini mwanangu, nikaliweka kwenye buti kimya kimya. Akapika chapati, akaweka chai ya tangawizi kwenye chupa, watoto watatu siti ya nyuma na bibi yao katikati, saa tano hiyo tukaondoka.

Njiani mwanangu mkubwa kazi yake ikawa kusoma joto kwenye dashibodi kwa sauti. Tunatoka nyumbani ni 33, tumefika Vallejo 24, tukapinda barabara ya 37 inayopita kwenye mabwawa ya chumvichumvi ikawa 20, tunakaribia daraja 14! Ni mwendo wa kama saa moja na nusu tu. Mama akaomba jaketi mwenyewe, halafu juu ya jaketi akajitanda khanga.

Nilikuja kuelewa sababu yake na nimeipenda sana. Bahari ya kule ni ya baridi kwa sababu kuna mkondo unatoka kaskazini, na upepo unasukuma maji ya juu kwenda mbali, kwa hiyo maji ya chini yenye baridi yanapanda juu. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo inageuka ukungu. Halafu kule bara, bondeni tunakoishi sisi, joto linapanda juu na kuacha nafasi, ukungu unavutwa kuingia kupitia kwenye mlango wa ghuba pale pale lilipo daraja. Yaani joto letu la Sacramento ndo linawaletea wao ukungu. Wenyeji wameuzoea mpaka wameupa jina la mtu, wanauita Karl.

Sasa tumefika upande wa kaskazini wa Golden Gate, kuna sehemu wameitengeneza ya kuangalia tu, ina paki, mabenchi, vyoo. Tumeshuka, mama anaangaza macho, daraja liko wapi? Hakuna daraja. Daraja lililofunguliwa mwaka 1937, minara yake ina mita 227, kati ya mnara na mnara mita 1,280, lote limemezwa, unasikia tu magari yanavuma sehemu usiyoiona na matone ya maji yanadondoka kutoka kwenye nyaya kama mvua imekatika sasa hivi. Mara ikalia honi, nzito, ndefu. Daraja lenyewe lina honi za ukungu za kuongoza meli. Mama akasimama, akashika chuma cha ukingo kwa mikono miwili, akasema hii meli inaingia Magogoni. Nilitaka kumwambia siyo meli nikashindwa, maana na mimi nilikuwa nimesikia hicho hicho.

Tulikaa pale karibu saa nzima. Kuna muda ukungu ulipasuka dakika chache, tukaona kichwa cha mnara, rangi yake ile ya machungwa iliyokolea, kinaelea juu hakina miguu. Watoto wakapiga kelele, watu wote pale wakapiga kelele, hata tusiojuana.

Lakini kilichomgusa mama zaidi kilikuwa ng'ambo ya pili. Tulivuka (kulipia daraja hakuna kibanda, kamera inapiga picha plate namba na bili inakufuata nyumbani), tukashuka ufukweni panaitwa Crissy Field, nyasi, mchanga, vyoo visafi, watu wanatembeza mbwa, mzee mmoja kakaa gatini na ndoo yake anatega kaa. Mama alienda kuchungulia ndoo, wakaelewana kwa ishara, mzee kanyanyua kaa akamuonyesha tumbo lake. Akarudi akaniuliza, we mtoto, hapa kiingilio tumelipa wapi? Nikamwambia hatujalipa mama. Kwani mwenyewe nani? Nikamwambia ni ya watu wote. Akatikisa kichwa, akauliza tena.

Eneo lile lote lilikuwa la jeshi mpaka mwaka 1994. Hebu fikiria, ardhi iko mlangoni mwa bahari, kwenye mji ambao chumba kimoja tu cha kupanga ni hela ya kulia, wangekata viwanja pale wangeuza bei gani? Wameifanya bustani ya umma. Na California wana sheria ya pwani ya mwaka 1976 ambayo kazi yake moja kubwa ni kulinda njia ya mwananchi kufika baharini. Matajiri wa huko nao wanajaribu kufunga njia, sio malaika, lakini mwananchi akilalamika ana pa kushika.

Sisemi kule ni peponi. Jioni tulipita katikati ya mji, mtaa wa Tenderloin, watu wamelala barabarani kwenye mahema na maboksi, wengine wamesimama wamejikunja wako usingizini, na baridi ile. Pembeni ya barabara kumejaa chenga za vioo vya magari yaliyovunjwa, tulishaonywa usiache hata mfuko mtupu kwenye siti. Mama alishika tasbihi yake mpaka tunatoka mjini. Akauliza, hawa hawana ndugu? Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Uswahilini kwetu mtu akichanganyikiwa kuna jirani atampa sahani ya wali, kuna bibi atamfulia. Hilo kwetu lipo na silibadilishi na daraja lolote.

Ila pwani jamani. Desemba nilikuja Dar na watoto, nikasema niwazungushe kama nilivyomzungusha bibi yao. Tukaanza Kivukoni, tukavuka daraja la Nyerere kwenda Kigamboni na kurudi, tukapita la Tanzanite lililofunguliwa 2022, kilomita nzima juu ya maji, watoto midomo wazi, zuri kweli na mimi nilijisikia fahari. Halafu tukaifuata pwani ya Msasani, binti yangu wa kati anauliza mama tunashukia wapi? Ukuta. Geti. Ukuta. Hoteli. Geti lina mlinzi. Kichochoro kimoja nilichokuwa nakijua zamani nacho kimezibwa na mabati. Bahari unainusa, unasikia upepo wake, huwezi kuifikia. Mtoto wa miaka 8 akasema kwani bahari ya bibi inauzwa? Nikaendesha tu.

Na sheria tunayo! Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mita 60, hiyo ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Nenda kasimame kwenye mchanga pale Msasani uanze kuhesabu hatua uone unagonga ukuta wa nani kabla hujafika 20. Wanaosema sisi masikini ndo maana hatuwezi, sikubaliani nao, njia ya kushuka baharini haihitaji mkopo wa benki ya dunia, inahitaji mtu avunje ukuta mmoja na aweke choo na pipa la taka.

Tulipofika Coco ndo watoto wakapumua. Mihogo ya kukaanga inatoka kwenye mafuta, muuzaji anaipasua kwa kisu, anamwagia pilipili na kachumbari, na bahari ya uvuguvugu, maji ambayo unaingia na nguo zako unakaa mpaka vidole vinakunjamana. Crissy Field walichovya miguu sekunde tatu wakakimbia. Hapa walitolewa kwa kuvutwa, jua limezama, pembeni yao kuna watoto wa Tandale na Mbagala waliopanda daladala mbili kufika pale, kwa sababu kwa wengi ndo sehemu pekee ya bure iliyobaki. Wakija kutuambia siku moja Coco nayo inajengwa kitu, tusikubali, nawaomba sana.

Mama yeye ana miaka 68 na hajawahi kukanyaga visiwa vya Bongoyo wala Mbudya, anaviona tu kwa mbali. Tangu arudi ameshaongea na wenzake wa kikoba, wameanza kuchanga hela ya boti, na kila Jumapili ananipigia simu kunipa hesabu imefika wapi. Wamebakiza watu wanne hawajamaliza. Kaniambia nisitume hela, wanataka waende kwa hela yao, mi nimtumie lile jaketi tu alilolisahau, ng'ambo kuna upepo.