Tintin nchini Kongo: Toleo Lililosafishwa Ndilo Lenye Madhara Zaidi

Mwenzangu mmoja ambaye tumekuwa tukibadilishana vitabu vya katuni tangu ujana wetu ni mzaliwa wa Kalemie, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, nami nimekulia Kigoma, ng'ambo ya ziwa hilo. Kuhusu uchoraji wa Hergé, yule Mbelgiji aliyemuumba Tintin, kijana mwandishi wa habari wa katuni, tunakubaliana karibu katika kila jambo isipokuwa kitabu kimoja, «Tintin au Congo». Yeye anashikilia kwamba kiendelee kuuzwa kama kilivyo, watoto wakisome na wazazi wawaeleze. Mimi sitaki kipigwe marufuku, lakini siwezi kukubali kwamba toleo linalouzwa zaidi ndilo linalostahili kubaki mikononi mwa watoto.

Hadithi hiyo ilianza kuchapwa mwezi Juni 1930 katika «Le Petit Vingtième», kijarida cha watoto kilichotoka pamoja na gazeti la Kikatoliki la Brussels. Mkuu wa gazeti hilo, padri Norbert Wallez, ndiye aliyetaka Tintin apelekwe Kongo, maana alikusudia kuwafanya watoto wa Ubelgiji walipende koloni lao. Hergé alikuwa na umri wa miaka 23 na hakuwahi kukanyaga Afrika; hata yule mtu aliyevaa ngozi ya chui anayemwinda Tintin alimtoa kwenye sanamu iliyokuwa katika makumbusho ya Afrika ya Tervuren, karibu na Brussels. Kitabu kilitoka mwaka 1931 kikiwa cheusi na cheupe. Mwaka 1946 kilichorwa upya, kikapunguzwa hadi kurasa 62 na kutiwa rangi, na hilo ndilo toleo ambalo wengi wetu tunalifahamu.

Hoja za mwenzangu si nyepesi. Anakumbusha kwamba Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongo aliyekuwa akiishi Ubelgiji, alikishtaki kitabu hiki mwaka 2007, na kwamba mahakama ya Brussels ilimkatalia Februari 2012, kisha rufaa yake ikashindwa mwaka huohuo, kwa msingi kwamba kazi hiyo ilizaliwa katika zama za mawazo ya kikoloni na haikukusudia kuchochea chuki. Anaongeza kwamba mafundi wa Kinshasa wamekuwa wakichonga jalada la kitabu hicho kwenye mbao na kuwauzia wageni, kwa hiyo Wakongo wenyewe wamekwisha kukigeuza kuwa mali yao. Kisha huuliza swali ambalo kila mara hunifanya ninyamaze kwanza: «Ndugu yangu, tukikiondoa, wajukuu zetu watasadiki kwa ushahidi gani kwamba tulichorwa hivi?»

Katika hilo la ushahidi namuunga mkono kwa moyo wote. Tofauti yetu inaanza tunapouliza ni toleo lipi linalotoa ushahidi huo. Katika kitabu cha 1931, Tintin anasimama mbele ya ubao katika shule ya misheni na kuwaambia watoto wa Kikongo kwamba atawafundisha kuhusu nchi yao, Ubelgiji. Katika toleo la 1946 somo hilo limefutwa, na badala yake anawauliza jumla ya mbili na mbili, na hakuna anayemjibu. Ubelgiji imeondoka darasani. Waliobaki ni watoto waliokaa kimya mbele ya hesabu nyepesi kabisa, midomo yao ikiwa imechorwa kwa mkono uleule wa awali.

Nadhani watetezi wengi wa kitabu hiki hawajalitazama badiliko hilo kwa makini. Toleo la kwanza, kwa ubaya wake wote, linamtaja mwenye maneno: msomaji anaona dola inayojisifu, na anaweza kuibishia. Toleo la pili limemficha anayetawala na kuwaacha wanaotawaliwa palepale walipokuwa, hata ujinga waliopachikwa unaonekana kuwa tabia yao ya kuzaliwa wala si dai la mtu fulani mwenye masilahi yake. Mwanamke anayepiga magoti kumsifu mzungu kwa sababu mumewe amepewa kwinini bado yupo, na Kifaransa kilichovunjwavunjwa bado kimo kinywani mwake.

Kusema kwamba Hergé alikuwa mtoto wa zama zake kunaweza kumtetea wa 1930, lakini hakumtetei wa 1946. Kuanzia mwaka 1934 alipochora «Le Lotus bleu», akisaidiwa na Zhang Chongren, Mchina aliyekuwa akisomea sanaa Brussels, aliwapa Wachina sura zinazotofautiana, hadhi, na maandishi ya kweli ya Kichina kwenye kuta za mitaa. Maana yake alikwisha kujua namna ya kuchora watu wa mbali kwa heshima, ila hakurudi nyuma kuwatendea Wakongo hivyo. Mwaka 1975, wachapishaji wa Skandinavia walipolalamikia ukurasa ambamo Tintin anamlipua faru kwa baruti, aliuchora upya na faru akaondoka salama. Nimeuweka ukurasa huo kando ya ule wa mwanamke aliyepiga magoti na nimeshindwa kupata utetezi wowote.

Wapo wanaopendekeza utangulizi wa maelezo, kama ule uliowekwa katika toleo la Kiingereza la rangi la mwaka 2005. Ni bora kuliko kunyamaza, lakini katuni husomwa kwa jicho kabla ya maneno. Mtoto asiyejua kusoma ataziona sura zote za Wakongo zikiwa moja iliyorudiwarudiwa, karibu na uso wa Tintin uliochorwa kwa mistari michache ili kila msomaji ajione ndani yake, na hakuna utangulizi utakaomfikia. Kwa hiyo naona afadhali toleo la 1931 lichapwe kwa ajili ya wanafunzi na wapenzi wa sanaa hii, pamoja na maelezo ya kina, na lile la 1946 litoke katika rafu za watoto.

Nilipompa mwenzangu hoja hiyo pamoja na «Madame Livingstone», kitabu cha mwaka 2014 kilichochorwa na Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, hakuibishia picha hata moja. Tulikifurahia sana, kwani kinasimulia juhudi za Wabelgiji kuizamisha «Graf von Götzen», meli ya Wajerumani, katika Ziwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli ileile ambayo baadaye Kigoma tuliijua kwa jina la Liemba, na humo Mwafrika ndiye anayemwongoza rubani wa ndege wa Kibelgiji. Lakini aliniuliza ni mzazi gani wa Kalemie atakayeweza kukinunua, iwapo Tintin iliyochakaa hupita mkono kwa mkono bila malipo na kitabu cha Baruti huagizwa kutoka Ulaya. Hapo ana haki. Kumwondolea mtoto katuni pekee anayoifikia, kabla ya mchapishaji yeyote kumletea ya Baruti kwa bei ya sokoni kwao, ni kumwacha bila katuni kabisa, nami sijampa jibu linalomtosheleza.