Laki na Themanini za Sufuria

Sufuria yetu ya ugali ilitoka kwenye kichen pati ya mama watoto. Kwa miaka yote hiyo imesongewa mpaka kitako kimebonyea. Ukiiweka mezani inazunguka yenyewe kama pia. Juzi akaniambia, "Baba Asha, kanunue sufuria. Ya maana."

Hilo "ya maana" ndilo limenimaliza.

Nikaenda Kariakoo. Muuzaji akagonga ya alumini kwa kucha: ti. Akagonga ya stili: tiii. Akanitazama kama daktari anayesubiri mgonjwa apokee majibu, nami nikatikisa kichwa kama niliyeelewa. Akatoa na sumaku, akainasisha kitakoni, kwamba hii inafaa hata yale majiko ya umeme ya induksheni. Mimi napikia mkaa, ndugu yangu. Sumaku ya nini?

Nikazipenda zile nzito za mafundi, za kuyeyusha alumini chakavu. Ukiibeba unajua umebeba kitu. Mzee mmoja akaninong'oneza: chakavu chenyewe hakijulikani kimetoka wapi, nyingine huacha madini ya risasi kwenye mboga. Nikairudisha taratibu. Maharage yenyewe tu yananilipua, sembuse yenye risasi!

Basi nikaangukia zile nyeusi, zenye utando ndani ili chakula kisigande. Seti nzima, vifuniko vya kioo, laki na themanini. Kikaratasi cha ndani kikasema moto usizidi nyuzijoto 260. Sasa nani ana kipimajoto cha mkaa?

Jumamosi mama mkwe akaja kutoka Tanga, akasema leo anatupikia wali wa nazi. Nazi akakuna mwenyewe. Wali ulipokaribia kukauka, akafanya kama alivyofanya tangu usichana wake: akachota makaa, akapalia juu ya kifuniko. Cha kioo.

Paa!

Kikawa vipunje kama chumvi ya mawe, wali kilo mbili chini yake. Na mama mkwe hagombezwi. Akaniangalia kwa huruma: "Pole mkwe wangu. Kumbe walikuuzia cha maonyesho."

Nikajipa moyo, vifuniko si vipo vingine. Na sufuria yenyewe nzima, ukiacha mkono mmoja wa plastiki uliolegea kwa joto ukaning'inia kama sikio la mbuzi. Jioni namkuta Asha uani, jasho linamtoka, stiliwaya mkono mmoja, jivu mkono wa pili. Sufuria inameta mpaka najiona uso.

"Baba, ilikuwa na masizi hadi ndani! Nimeyatoa yote!"

Zote tano.

Usiku huu tunakula ugali. Ile ya kichen pati iko jikoni, nimeichuchumalia na matambara mawili nimeibana isizunguke, mama watoto anasonga. Kaniambia nisiseme kitu. Mama mkwe yuko mlangoni, anauliza ukoko utabaki.