Igreja ikawa gereza: dini huenezwa na nguvu au na watu?

Ubishi wa vijiweni kuhusu dini huwa na sura moja. Huyu anasema dini zote kubwa zilishuka na meli zikasimikwa kwa upanga na bunduki. Atakukumbusha ule msemo kwamba tulifumba macho tukasali, tulipofumbua tukajikuta na Biblia mkononi na ardhi imekwenda. Yule anajibu kwamba babu yake hakuchapwa mjeledi na mtu: alisikia, akapima, akakubali. Ukisikiliza vizuri kuna kichekesho ndani yake. Mwislamu anauona upanga kwa Wakristo, Mkristo anauona kwa Waislamu, na kila mmoja kwake anaona hiari tu.

Nadhani swali lenyewe limekaa vibaya. Dini kufika ni jambo moja, dini kukaa ni jingine, na anayechanganya hayo mawili anaweza kushinda ubishi wowote ule.

Upande wa nguvu una ushahidi mzito. Imani kwamba Yesu wa Nazareti alisulubiwa na kufufuka ilienea kwa karne tatu bila askari hata mmoja, tena ikiwindwa na dola ya Rumi. Lakini mwaka 313 Konstantino aliihalalisha, mwaka 380 Theodosio akaifanya dini ya dola, na muda si mrefu mahekalu ya miungu ya kale yakaanza kufungwa. Uislamu nao: Mtume Muhammad alihama Makka kwenda Madina mwaka 622, akafariki 632, na ndani ya miaka ishirini baada ya hapo majeshi ya Waarabu yalikuwa yameshika Shamu (Siria na jirani zake), Misri na Uajemi. Dini ya Zoroaster, iliyokuwa ya wafalme wa Uajemi, ikabaki ya watu wachache. Baadhi yao wakakimbilia India wakaitwa Waparsi, na vizazi vya baadaye vikafika mpaka Unguja. Hata mafundisho ya Buddha, kwamba mateso huzaliwa na tamaa na tamaa inaweza kuzimwa, yasingefika mbali vile bila mfalme Ashoka, ambaye katika karne ya 3 kabla ya Kristo alichukizwa na damu aliyoimwaga Kalinga, akachonga amri zake kwenye miamba na kutuma wajumbe mpaka Sri Lanka.

Sasa geuza upande wa pili wa sarafu. Huko India alikotawala Ashoka, Wabudha leo hawafiki hata mtu mmoja kwa kila mia. Misri ilitekwa katika miaka ya 640, lakini Wakristo waliendelea kuwa wengi kwa karne kadhaa, wakilipa jizia, kodi ya wasio Waislamu, na Wakopti, yaani Wakristo wa Misri, wapo mpaka leo kwa mamilioni. Na nchi yenye Waislamu wengi kuliko karibu zote duniani, Indonesia, yenye zaidi ya milioni 200, haikuwahi kukanyagwa na jeshi la Waarabu. Kilichofika kule ni jahazi, pilipili, karafuu na masheikh.

Lakini mfano ulionifundisha zaidi uko hapahapa pwani. Vasco da Gama alifika mwaka 1498. Wareno wakaichoma Mombasa, wakajenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakaleta mapadri wa shirika la Mtakatifu Agustino. Walikuwa na mizinga, meli na miaka mia mbili mikononi. Wakamchukua hata mtoto wa mfalme, Yusuf bin Hasan, wakamlea Goa, wakambatiza jina la Dom Jerónimo, wakamrudisha Mombasa kutawala kama Mkristo. Mwaka 1631 akamuua kapteni wa ngome, akarudi kwenye dini ya baba zake na kuwaua Wakristo waliokataa kumfuata. Ngome ilipoanguka mwaka 1698, Ukristo wa pwani ulikwisha nayo. Ulichotuachia ni maneno. Padri ni la kwao. Na neno lao la kanisa, igreja, wataalamu wa lugha wanasema ndilo lililogeuka kuwa "gereza" letu. Sijui kama kuna hukumu kali kuliko hiyo ambayo lugha inaweza kutoa juu ya namna watu walivyohubiriwa.

Mtetezi wa hiari asishangilie mapema, maana Uislamu wa pwani nao una mafumbo yake. Ulianza kimyakimya: Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuaji walikuta misingi ya misikiti midogo ya tangu karne ya 8, na msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Hakuna aliyeteka mji hapo. Wenyeji walijenga wenyewe. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipofika Kilwa mwaka 1331 alisifu uchaji wa watu wake na ukarimu wa sultani wao. Ila aliandika pia kwamba sultani huyohuyo alikuwa akivamia nchi ya watu weusi wasio Waislamu na kuchukua ngawira. Na cha ajabu ni kwamba kwa miaka elfu moja dini hiyo ilibaki ukingoni mwa bahari. Ipo hoja, isiyopendeza lakini si rahisi kuipuuza: sheria ya Kiislamu ilikataza Mwislamu kumfanya mtumwa Mwislamu mwenzake, hivyo mfanyabiashara wa watumwa hakuwa na haraka ya kumsilimisha aliyekusudia kumuuza.

Uislamu ulipokuja kushika bara la Tanganyika kwa kasi, aliyetawala alikuwa Mjerumani, yaani Mkristo. Serikali yake ilitumia maakida na makarani wa pwani waliojua Kiswahili na kuandika. Na baada ya Majimaji ya 1905 hadi 1907, kusini kulipobaki majivu na njaa, watu waliitafuta misikiti na misheni kwa pamoja. Waliovuta wengi walikuwa masheikh wa tarika, yaani vyama vya Kisufi, hasa Kadiria, na zikri zao (dua za kumtaja Mungu kwa pamoja) zilizomkaribisha kila mtu, awe mwungwana au mtumwa. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo alifika mjini akiwa mtoto mtumwa kutoka Kongo ya mashariki, akasoma, akafa akiwa mmoja wa wakubwa wa dini pwani nzima. Mji huohuo, tangu 1868, mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wakinunua watoto watumwa, wakiwaacha huru na kuwalea katika kijiji cha Kikristo. Watoto wawili wa njia moja ya misafara: mmoja kaangukia nyumba ya Mwarabu, mwingine misheni. Ukiniuliza nani kati yao alichagua dini, sina jibu la haraka.

Buganda, ufalme ulioko Uganda ya leo, inachanganya zaidi. Uislamu ulitangulia kufika ikulu, mpaka Kabaka Mutesa akafunga Ramadhani, kisha mwaka 1876 akawaua vijana Waislamu waliokataa kumtii yeye kuliko dini yao. Wamisionari wa Kianglikana walifika 1877, Wakatoliki 1879, na mwanawe Mwanga akawachoma moto Namugongo vijana Wakristo, siku kubwa ikiwa tarehe 3 Juni 1886. Wakati huo serikali ilikuwa upande wa kuua, na bado wanafunzi waliongezeka. Waganda waliwaita waumini hao "basomi", yaani wasomaji. Nalipenda sana neno hilo kwa sababu linataja kilichowavuta: kitabu. Lakini mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipopigana Mengo, mji mkuu wa ufalme, kilichoamua nani ashike vyeo ni bunduki ya Maxim ya kapteni Mwingereza, Lugard.

Kwa nini wengine walikubali bila kusukumwa? Maelezo yanayoniridhisha zaidi ni ya safari. Mizimu ya ukoo ina makao yake: mti ule, pango lile, kaburi la babu. Mpagazi aliyetoka Unyamwezi kwenda pwani na meno ya tembo mabegani aliiacha nyuma siku ya pili tu. Mungu mmoja anayesikia sala popote, atakayemhukumu kila mtu kwa matendo yake, alimfaa aliye njiani. Wala jina halikuwa geni. Mungu ni neno la Kibantu, na misikiti na makanisa yote yalilichukua. Wamisionari kwa upande wao walikopa msamiati wa Waislamu bila haya: sala, imani, dhambi, malaika, hata msalaba na kanisa ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Anayesema dini hizi zimebaki za kigeni ajaribu kusali dakika tano kwa Kiswahili bila maneno hayo.

Kwa hiyo naelemea upande wa watu, na bado kuna jambo moja linalonizuia kuegemea kabisa, nalo ni shule. Waingereza waliziachia misheni sehemu kubwa ya elimu, Tanganyika na Kenya. Hakuna aliyeshikiwa bunduki. Ila mzazi Mwislamu alijua mtoto akienda shule ya misheni huenda akarudi na jina jingine, na asipokwenda, ukarani na ualimu atavisikia kwa wenzake. Tanzania ilizitaifisha shule hizo baada ya sheria ya elimu ya 1969, lakini malalamiko ya nani alisoma na nani aliachwa nyuma hayajazimika. Yule mtoto aliyekubali maji ya ubatizo ili afike darasa linalofuata, tumweke kundi gani? Wajukuu wake leo ni wazee wa kanisa, wanaimba kwaya kwa mapigo ya ngoma za kwao, na hawadhani hata kidogo kwamba dini yao ni ya kuazima.