Mkojo kuvuja, na haya maneno ya kukataa kufanyiwa utafiti

Jumapili baada ya ibada huku Manyatta, Kisumu, tulibaki kikao cha akina mama, na ile mada tunayoizungukaga kila siku ikatajwa kwa jina, mkojo kuvuja. Mama mmoja ambaye namheshimu kama dada mkubwa alisimama akasema tangu azae mtoto wa nne hawezi kucheka vizuri bila kubana miguu, mtungi wa maji habebi tena kama hajavaa pedi, na siku ya kupanda matatu kwenda Busia hanywi hata kikombe cha chai mpaka afike. Nesi aliyekuwa amealikwa akasema siku watafiti watakuja kutafuta akina mama wa kujaribishiwa matibabu ya hii shida, tusiwakimbie. Hapo ndio moto uliwaka. "Tumechoka kuwa panya wa maabara," mwingine akasema, na nusu ya chumba ikapiga makofi.

Wale waliopiga makofi siwalaumu. Kisumu tumetolewa damu sana jameni. Mtu anakuja na fomu kurasa kumi, anakusomea haraka haraka, unaweka kidole, damu inaenda, alafu matokeo yanasomwa kwa mkutano huko ng'ambo na wewe uliyetoa damu husikii kitu. Kuna pia hili la dawa bandia, yaani kati ya watu wawili mmoja anapewa tembe haina chochote ndani, na mama anauliza, mimi navuja leo, mbona unipe unga? Hilo ni swali la haki kabisa.

Alafu kuna hoja yao ambayo naona ndio nzito zaidi, kwamba matibabu si yanajulikana tayari? Mazoezi ya kukaza misuli ya chini, ile unakaza kama unazuia hewa isitoke, daktari Mmarekani Arnold Kegel aliyaandika tangu 1948. Mwaka 2018 watu wa Cochrane, kikundi cha watafiti kinachokusanya na kupima majaribio ya matibabu, walijumlisha majaribio 31 yenye wanawake zaidi ya 1,800 kutoka nchi 14, na kwa wale wanaovuja wakikohoa au wakiinua mzigo, waliofundishwa mazoezi 56 kwa kila 100 walisema wamepona, wasiofundishwa 6 tu. Hakuna kisu hapo, hakuna dawa ya kununua. Sasa mtu anauliza, badala ya utafiti mwingine si mtuletee tu mtu wa fizio hapa mtaani? Na kwa hilo mimi naungana nao, mazoezi hayafai kungoja utafiti wowote.

Lakini hebu rudi kwa ile 6. Tunajua 56 ni kubwa kwa sababu kuna akina mama mahali walikubali kuwa kwa lile kundi lingine. Bila wao hii namba ingekuwa maneno matupu, na maneno matupu hapa kwetu yamejaa tele.

Kuna namba nyingine ambayo imenikaa kichwani wiki nzima, ni 39. Mwaka 1998 Marekani walichapisha jaribio la wanawake 197 wa miaka 55 kwenda juu, hawa shida yao kubwa ni ile ya haja kukushika ghafla kabla hujafika chooni. Wakagawanywa makundi matatu kwa wiki nane. Waliofundishwa kukaza misuli na kutuliza kibofu, ajali zao zikapungua kwa asilimia 81. Waliopewa dawa ya oxybutynin, asilimia 69. Na waliopewa tembe tupu, ajali zikapungua kwa asilimia 39. Tembe tupu! Yaani mama aliyekuwa anajilowesha mara kumi kwa wiki akabaki na mara sita hivi, na hakuna kitu alimeza.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni makosa ya uchapaji, ila ukikaa nayo unaelewa. Mtu huenda hospitali wiki ile shida imezidi, na shida iliyozidi mara nyingi hushuka yenyewe kidogo. Alafu ukishaambiwa uandike kwa daftari kila ukienda choo na kila ukivuja, unaanza kujichunga, chai unapunguza, choo unaenda mapema, na kuna mtu anakuuliza unaendeleaje, kitu ambacho nyumbani hakuna mtu amewahi kukuuliza. Sio udanganyifu wa hao akina mama, ni ukweli wao, walipata nafuu.

Sasa chukua hiyo 39 uende nayo sokoni Kibuye. Muuzaji ana chupa ya mizizi, anasema inafunga mkojo. Mteja anakunywa, baada ya miezi miwili anavuja kidogo kuliko mwanzo, anarudi kushuhudia mbele ya watu, na hasemi uongo hata kidogo. Mizizi inaweza kuwa maji tu na ushuhuda ukawa wa kweli. Hiyo ndio sababu mimi ushuhuda pekee siutegemei tena, hata ukitolewa na mtu nampenda. Na uone pia, bila yale makundi matatu hatungejua kwamba mafunzo yalishinda dawa yenyewe, mtu angeuziwa tembe maisha yake yote, na hizo tembe zinakausha mdomo na kufunga choo.

Kwa hivyo neno panya wa maabara ningeligeuza kidogo. Angalia ile nyavu ya plastiki waliyokuwa wanashona ndani ya wanawake Marekani na Uingereza, kushikilia kizazi au kibofu kilichoshuka, au kuzuia mkojo. Bidhaa nyingi za aina hiyo ziliruhusiwa sokoni kwa sababu tu zilifanana na zilizokuwepo, sio kwa sababu zilikuwa zimejaribiwa kwa wanawake wakafuatiliwa miaka. Waliopata maumivu wakalalamika, wakaambiwa hayo ni mambo ya kawaida ya wanawake. Uingereza walisimamisha Julai 2018, zikiwemo zile kamba za nyavu hiyo hiyo za kuzuia mkojo, na 2020 ripoti iliyoongozwa na Julia Cumberlege ikakubali kwamba akina mama hawakusikilizwa. Marekani Aprili 2019 wakaamuru ile ya kushikilia kizazi na kibofu kilichoshuka, inayowekwa kupitia ukeni, isiuzwe tena. Hao ndio walijaribishiwa kitu. Na wengi hawakuelezwa hatari vizuri, wala hakukuwa na daftari la kuhesabu wote walioumia.

Kusema haki, kamba yenyewe ikipimwa vizuri ina watu imewafaa sana. Uholanzi 2013 walilinganisha upasuaji wa kamba na mazoezi kwa wanawake 460, baada ya mwaka mmoja waliosema wamepata nafuu upande wa upasuaji walikuwa karibu 91 kwa 100, upande wa mazoezi 64, na karibu nusu ya walioanza na mazoezi waliishia kuomba upasuaji. Kwa hivyo hata yule anayesema mazoezi tu yatosha hajamaliza hesabu. Mama wa mtungi anafaa kuambiwa yote mawili, faida na hatari, achague.

Lakini jaribio ambalo ningependa kila mtu wa kile kikao asikie ni la karibu na sisi. Nasuri, lile shimo kati ya kibofu na uke linalobaki baada ya uchungu wa kuzaa wa siku mbili tatu bila msaada, mkojo unatiririka usiku na mchana. Wengine wa huku hupelekwa hadi Eldoret kushonwa. Baada ya kushonwa mgonjwa hukaa na mpira wa mkojo, na hospitali nyingi zilikuwa zinauacha siku 14 kwa mazoea. Hospitali nane kwa nchi nane za Afrika, Kenya ikiwemo, zikachukua wanawake 524 wenye nasuri isiyo na ugumu, nusu mpira siku 7, nusu siku 14, matokeo yakatoka 2015. Kushonwa kulifunguka kwa 10 kati ya 250 wa siku saba, na kwa 8 kati ya 251 wa siku kumi na nne. Karibu sawa.

Wiki nzima hiyo! Wiki ya mtoto aliyeachwa na dani yake, yaani nyanya, wiki ya kitanda ambacho mwingine anakingojea akiwa amelowa. Hakuna kampuni ingetajirika kwa hilo swali, na lilijibiwa na wanawake Waafrika waliokubali kuhesabiwa.

Na sisi Kisumu tunajua hii kitu inavyoenda ikifanywa sawa. Vijana 2,784 waliingia ule utafiti wa kuona kama tohara inapunguza kuambukizwa HIV, Desemba 2006 ukakatizwa mapema juu faida ilishaonekana, na wale wa kundi lililongoja wakapewa nafasi ya kutahiriwa.

Kwa hivyo wakija kuhusu mkojo, mimi nitakaa niwasikilize, na nitauliza. Kundi la pili mtalipatia nini? Wakisema hakuna kitu, na mazoezi yapo tangu 1948, hapo nami nitapiga makofi na wenzangu na waende. Akiumia mtu, atatibiwa na nani na kwa pesa ya nani? Fomu iko kwa lugha gani, na naweza kwenda nayo nyumbani nilale nayo? Mtu akitoka katikati atanyimwa kliniki? Na mkimaliza mtarudi hapa hapa Manyatta, mtusomee matokeo kwa Dholuo, hata kama matokeo ni kwamba dawa yenu imeshindwa?